Godauni Kwenye Shamba la Kaka

Nilipoanza kazi ya kupangisha majengo ya biashara hapa Mwanza, wateja walikuwa wakiniagiza maji ya kunywa. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Dar es Salaam na shahada ya mambo ya ardhi na majengo, nikaajiriwa katika ofisi ndogo katikati ya mji, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye ofisi alikuwa mzee mpole. Alinichukua kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe siku ya kwanza, alikuwa amechoka na vijana wa kiume waliojifunza kazi kwake kisha wakaondoka na wateja wake.

"Wewe labda utatulia," alisema.

Sikujua kama ni sifa au tusi. Nikasema asante.

Kazi yetu ilikuwa kuwatafutia wafanyabiashara mahali: fremu za maduka mjini na Pasiansi, vyumba vya ofisi, na magodauni ya kuhifadhia mizigo kule upande wa viwandani, karibu na ziwa. Mwenye jengo anatukabidhi jengo lake, tunalikagua, tunalipima, tunamtafuta mpangaji, tunaandaa mkataba. Kisha tunabaki katikati ya hao wawili kwa miaka yote watakayokuwa pamoja, tukisikiliza habari za paa linalovuja na kodi inayochelewa.

Mara ya kwanza nilipotumwa kumwonyesha mteja godauni, nilifika mapema na dereva wa ofisi. Mteja aliposhuka garini alikwenda moja kwa moja kwa dereva, akamshika mkono, akaanza kumuuliza kama lori lenye tela linaweza kugeuzia ndani. Dereva, kwa aibu, akaninyooshea kidole.

"Namaanisha mhusika," alisema yule bwana.

"Ndiye mimi."

Alicheka, akasogea pembeni, akampigia bosi wangu simu kuuliza kama hana mtu mwingine wa kumtuma. Bosi akamwambia hana. Tukaingia. Nilimwonyesha kila kona, na mwisho alilipenda godauni, ila mkataba akasisitiza autie sahihi mbele ya bosi, mimi nikiwa nimeketi pembeni kama shahidi.

Miaka ilienda hivyo. Wanaume wenzangu wa kazi hii walikuwa wakimaliza mambo yao kwenye baa za kando ya ziwa, juu ya sato wa kuchoma na bia za baridi. Nikienda, nilisemwa kwamba ni mwanamke wa namna fulani. Nisipoenda, kesho yake nilisikia mteja niliyemhangaikia mwezi mzima amepewa mtu mwingine. Nilijaribu kwenda na kunywa soda, nikaaga jua lilipozama, na nilipokuwa nafika kituo cha daladala biashara ilikuwa imeshafungwa nyuma yangu. Hakuna aliyekuwa akinitukana. Walikuwa hawanioni tu, na niliwachukia kwa hilo kuliko ambavyo ningewachukia kwa matusi. Nilijiahidi kwamba siku nikipata nafasi mimi sitakuwa mtu wa kupita mtu chumbani kama anapita kiti.

Nilichokuwa nakitaka ni jengo moja. Si kupangisha godauni la mtu lililojengwa kabla sijazaliwa, bali jengo ambalo ningeweza kusema nimelisimamia tangu kiwanja kilipokuwa kitupu.

Nafasi ikaja kwa mfanyabiashara wa saruji na mabati. Alikuwa anataka kutoka mjini. Malori yake yalikuwa yakikwama kwenye foleni, na alitaka mahali ambapo mzigo wa kwenda Mara na mzigo wa kwenda kusini ungeondoka bila kuingia katikati ya mji. Wenzangu walikuwa wamemzungusha sana, wakimpeleka kwenye viwanja vyenye kesi. Alipokuja ofisini kwetu bosi alikuwa anaumwa, hivyo akaongea nami kwa kukosa mwingine.

"Nitafutie eneo kubwa, tambarare, linalogusa lami, lisilo na ugomvi," alisema. "Ukilipata, mimi sitajali kama wewe ni mwanamke au ni nani. Usimamizi wote utakuwa wako."

Nilimwambia anipe wiki moja. Lakini kabla hajafika mwisho wa ngazi nilikuwa nimeshajua ni eneo gani. Lilikuwa shamba la baba yangu, Kisesa.

Nyumba yetu iko nyuma, imeegemea mawe makubwa, na kutoka hapo shamba lilikuwa linashuka taratibu mpaka barabarani. Nilipokuwa mdogo, kuwa karibu na barabara hakukuwa na maana yoyote zaidi ya vumbi na mbuzi kugongwa. Mama alifariki nikiwa sekondari. Baba alikuwa amekwisha kuzeeka, na aliyelilima lile shamba alikuwa kaka yangu mkubwa.

Kaka aliacha shule baada ya darasa la saba. Isieleweke kwamba alijitoa ili mimi nisome. Alikuwa anaichukia shule, na anawapenda ng'ombe kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia aliowafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, na alikuwa akiwaongoza kwa sauti tu, kwa Kisukuma, fimbo ameiweka kwapani. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakija kumbembeleza awalimie. Ukimwona nyuma ya plau asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, kifua wazi na tope mpaka magotini, ulikuwa unamwona mtu aliyefika alikokuwa anakwenda.

Mke wake, wifi yangu, aliletwa kutoka Misungwi. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache. Kaka alilima kwa maksai, lakini kupalilia, kuvuna, kukata viazi na kuvianika viwe michembe, kupanga mafungu ya mahindi mabichi kando ya lami na kuyauza, yote hayo yalikuwa ya wifi. Nilikuwa nayaona kila nilipokwenda nyumbani. Nikisema kwamba sikuyajua nitakuwa mwongo.

Kikao kilifanyika Jumapili, baada ya kanisa. Tulikuwa baba, baba wadogo wawili, kaka, na mimi. Niliwaeleza kwamba hatuuzi. Nilirudia neno hilo mara nyingi: hatuuzi, tunapangisha. Ardhi inabaki ya baba, mfanyabiashara anajenga godauni kwa fedha zake, analipa kodi kila mwaka, na mkataba ukiisha jengo linakuwa letu. Nilikuwa nimechora ramani, nikaitandaza juu ya stuli.

Baba mdogo mmoja akaitazama ramani, akanitazama mimi, kisha akamgeukia baba. "Kaka, tangu lini mtoto wa kike akatuitia kikao cha ardhi?"

Baba, ambaye mpaka anafariki alikuwa akiita barabara "balabala", aliivuta ramani karibu yake. Kisha akasema, "Huyu amesomea. Wewe na mimi tumesomea nini? Hiyo balabala itatuletea watu wabaya, afadhali atuletee yeye mtu mzuri."

Sijawahi kusikia raha kama ile. Katika miaka yote ile mjini hakuna mwanaume aliyewahi kuwaambia wanaume wenzake wanisikilize. Nilijiona nimerefuka.

Kaka alikuwa ameinamia mikono yake. Aliuliza swali moja tu. "Na mimi nitalima wapi?"

"Tutanunua shamba lingine kaka, huko ndani," nilimjibu upesi. "Kubwa kuliko hili. Kodi ya mwaka wa kwanza tu inatosha kununua."

Nilikuwa naamini nilichokisema. Alitikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali mtu aliyeambiwa na daktari.

Wakati huo wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni na jagi la maji. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. "Mmemaliza niwanawishe?" aliuliza. Akaanza kwa baba, akaja kwa baba wadogo, kwa mume wake, kisha kwangu. Nilinyoosha mikono, akaninawisha maji ya uvuguvugu, nikajipangusa. Tulikula wali na kuku. Nilikuwa na furaha nikala sana. Sikumtazama usoni.

Mkataba ulikuwa mzuri. Nasema hivi kama mtu wa kazi hiyo; nimeona mikataba mingi ya familia zilizodhulumiwa, na ule wetu haukuwa na dhuluma ndani yake. Mfanyabiashara alitimiza kila kitu. Pamba ya mwisho ilivunwa, greda likaja, na vile vituta alivyovitengeneza kaka kwa miaka na miaka vikasawazishwa kwa asubuhi moja. Kaka aliwapeleka maksai wake mnadani kwa miguu, hakutaka kuwapakia kwenye gari. Alirudi jioni amechoka.

"Wamepata mtu mzuri," alimwambia baba, na hakuwataja tena.

Shamba lingine halikununuliwa. Mwaka wa kwanza baba alianza kuugua figo, na kodi yote ikaenda hospitali. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo, na watoto wa kaka walikuwa wameingia sekondari. Hakuna siku hata moja tuliyokaa tukaamua kwamba kaka asinunuliwe shamba. Kila mara kulikuwa na jambo la haraka zaidi, na lilikuwa la haraka kweli. Na bei za ardhi, hata huko ndani, zilikuwa zimeanza kupanda kwa sababu ya magodauni kama letu. Hilo nililijua kabla ya wote, maana nilikuwa ninayaleta mimi.

Kwa sababu mimi kazi ilikuwa imenifungukia. Watu walikuja kuliona godauni la Kisesa, wakauliza nani amelisimamia, wakapewa namba yangu. Bosi alipostaafu aliniachia ofisi. Nilianza kupokea simu za wale wale waliokuwa wakifunga biashara nyuma yangu kwenye baa, wakiniomba niwaunganishe. Nilinunua gari. Nilikuwa nikialikwa kuzungumza na wasichana wa vyuo kuhusu mwanamke na biashara ya majengo, na kila mara nilianza na kisa cha yule mteja aliyemsalimia dereva, na kila mara walicheka.

Kaka ndiye aliyeomba kazi ya ulinzi. Alimwendea msimamizi wa godauni mwenyewe bila kunishirikisha, na nilipomfuata kumwambia kwamba si lazima, kwamba naweza kumtafutia kitu kingine mjini, alisema, "Mjini nitafanya nini? Hapa angalau niko pale pale." Wakampa sare ya bluu na kofia, wakamweka getini. Geti lenyewe lilikuwa mahali ambapo zamani wifi alikuwa akipanga mafungu yake ya mahindi.

Nilizoea haraka. Nikifika na gari alifungua geti, nilishusha kioo, nikasema, "Shikamoo kaka," akajibu, "Marahaba, za huko?" Nilikuwa nikiona haya kila mara, lakini ilikuwa haya ya dakika moja, nikishapita geti naanza kufikiria mambo mengine.

Kisha nikaja na wageni. Walikuwa watu wawili kutoka Dar es Salaam, mume na mke, wenye kampuni kubwa ya vyakula, wakitafuta mtu wa kuwasimamia ujenzi wa godauni kama lile upande wa Misungwi, kwa vile barabara ya daraja jipya la ziwani imepafungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nzima. Nilikuwa nimevaa suti.

Kaka alifungua geti, akaona kuna wageni garini. Sikushusha kioo mpaka alipokuja kugonga, maana utaratibu ni kila mgeni aandikishwe.

"Karibuni wageni," alisema. Kisha akanitazama mimi, mdogo wake, akasema, "Karibu, mama."

Alifanya hivyo kunisaidia. Alitaka nionekane mtu mkubwa mbele ya watu wangu. Yule mama mgeni akamtazama kwa upole, na kaka alipokwenda kuandika namba ya gari, akaniuliza, "Walinzi wenu ni watu wa hapa hapa?"

"Ndiyo," nilisema. "Ni wa hapa hapa."

Tukapita. Niliwatembeza ndani, nikawaeleza kuhusu mzunguko wa hewa, kuhusu sakafu na uzito inaoweza kubeba. Waliridhika sana. Tulipokuwa tunatoka kaka alitupungia mkono. Yule mama akampungia pia. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili.

Kazi ile niliipata.

Nilirudi siku chache baadaye, peke yangu, nikaegesha nje ya geti, nikaenda kukaa naye kwenye benchi lake. "Kaka, nisamehe kwa ile siku."

"Siku gani?"

"Nilipokuja na wageni."

Alifikiri kidogo, au alijifanya anafikiri. "Ulikuwa kazini," alisema. "Na mimi nilikuwa kazini." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilitamani anikaripie. Alikuwa na haki hiyo, ni mkubwa wangu. Tukiwa watoto alikuwa ananichapa nikichezea kamba za ng'ombe wake. Lakini alikuwa mpole kama mtu anayezungumza na mgeni, na nilipoondoka nilijisikia vibaya kuliko nilivyokuja.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Baada ya arobaini nilibanwa na ujenzi wa Misungwi, na muda ukapita bila kufika Kisesa. Nilipofika, geti lilifunguliwa na mtu mwingine, kijana nisiyemjua, aliyeniuliza jina langu na ninakwenda kwa nani. Nilipanda mpaka nyumbani kwenye mawe. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia kaka na wifi wamehamia Misungwi, kwa ndugu za wifi, wanakodi majaruba ya mpunga.

Nilimpigia simu. "Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja na gari kutuhamisha," alisema, na nikasikia kwamba anacheka. "Tulikuwa na vitu vichache."

Kwa miezi nilikuwa nikienda Misungwi kwa ajili ya ujenzi, labda nilipita kando ya njia yao mara kadhaa bila kujua. Jumamosi moja niliacha mafundi, nikaenda kuwatafuta. Kaka alikuwa jarubani. Alikuwa na maksai wa kuazima, wazee, wasiomsikia sauti yake, na sasa fimbo ilikuwa mkononi. Mwili ulikuwa umempungua. Lakini aliponiona alinyoosha mgongo, akapaza sauti, "Na mimi ni mpangaji siku hizi! Mwenye shamba ananipandishia kila msimu!"

"Nipe namba yake nizungumze naye," nilisema. Ilinitoka yenyewe.

"Hapana," alisema, tena bila hasira. "Hiyo kazi yako iache huko huko."

Akanielekeza nyumbani, akasema atakuja akimaliza kipande kile.

Wifi alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba akibangua karanga. Nilimsalimia, akanisogezea nafasi na ungo. Tukabangua pamoja. Nilianza kusema nilichokuwa nimekipanga njiani: kwamba najua nilimkosea kaka, kwamba niliahidi shamba na halikununuliwa, kwamba nilimwona pale getini na nikamkana mbele ya wageni. Nilisema mengi. Nililia pia.

Wifi aliniacha nikamaliza.

"Kaka yako hakukasirikii," alisema. "Wala hajawahi. Aliulizwa, akakubali. Anayekukasirikia ni mimi."

Nilinyanyua uso.

"Mimi nililima pale tangu nilipoolewa," alisema. "Watoto wangu wote nimewabeba mgongoni kwenye lile shamba. Siku ya kikao chenu nilisimama mlangoni na maji mpaka yakaanza kupoa. Baba mkwe sikumtarajia aniulize. Wale baba wadogo ndiyo kabisa. Lakini nikasema, yule ni mwanamke, tena amesoma, tena kila akija hapa analalamika huko mjini wanaume wanampita kama hawamwoni. Nikasema, huyu ataniuliza. Ukanawa ukala kuku wangu."

Nilikuwa nimekuja na orodha ya makosa yangu na hilo halikuwemo. Miaka yote nilikuwa nikijihukumu kwa kaka, mwanaume aliyeketi ndani na akaulizwa, na hata katika kujihukumu kwangu nilikuwa nimempita yeye.

"Nisamehe, wifi."

"Unataka nikusamehe ili urudi mjini umetulia," alisema. "Subiri kwanza." Akamwaga maganda pembeni. "Nasikia yule mtu wa saruji anajenga fremu pale mbele, kando ya lami."

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyesimamia michoro.

"Nataka moja. Ya kuuzia mchele. Kwa jina langu, si la kaka yako. Na nitalipa kodi kama wengine."

"Wifi, ile ni ardhi yenu. Huwezi kulipa kodi kwenye ardhi ya—"

"Ya nani?" aliuliza.

Alikuwa ananitazama kwa utulivu kabisa, akisubiri jibu, na kila jibu nililolifikiria lilikuwa la aibu.

"Nitalipa," alisema. "Nikilipa, hakuna atakayekaa kikao kuniondoa bila kuniambia."

Nilimtafutia ile ya pembeni, yenye milango miwili. Nilimsomea mkataba wote kwa sauti, kila kifungu, kazi ambayo siku hizi huwaachia vijana wa ofisini, na kila alichouliza nilimjibu, na vifungu viwili alivikataa vikabadilishwa. Alitia sahihi taratibu, herufi moja moja. Sikupokea ujira wangu kwake, naye hakunishukuru.

Biashara inakwenda. Wifi analala Kisesa siku za wiki, katika ile nyumba ya kwenye mawe, na kaka anabaki Misungwi na mpunga, kwa sababu kurudi hataki. Wameoana miaka yote hiyo hawajawahi kulala mbali, na sasa wanaonana mwisho wa juma, mzigo unapoletwa. Wifi anasema wamezoea. Kaka naye anasema wamezoea. Nikiwasikia wakisema hivyo kila mmoja kwa wakati wake, nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwaambia baba na baba zangu wadogo kwamba hakuna kitakachopotea.

Bado naitwa kuzungumza na wasichana wa vyuo. Kisa cha dereva siwaambii tena. Nilijaribu mara moja kuwaambia kisa cha beseni la maji, nikaona wanaandika, nikajisikia kama ninamuuza wifi, nikaacha katikati, nikarudi kwenye habari za mikataba.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kisesa mchele ulipofika. Kaka alikuwa amekaa juu ya magunia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Alishuka, nikamwamkia, akaitika, akasimama kwenye sakafu ya zege mbele ya fremu akiangalia chini, akisogeza mguu wake huku na huku kama anatafuta kitu.

"Hapa palikuwa na tope zuri," alisema.

Hakuwa ananiambia mimi, wala hakuwa analalamika. Alikuwa amekumbuka tu. Ndani wifi alikuwa ameshaweka mizani sawa na mteja wa kwanza alikuwa anasubiri.

"Shusheni mzigo basi," aliita, "jua linawaka."

Kaka akakunja mikono ya shati. Nilivua viatu vyangu vya visigino, nikashika upande mmoja wa gunia, na yeye akashika upande wa pili.